Mwanamke wa Kihungari Mezani Kwangu

Jumamosi ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu niliunguza wali, na mimi siunguzi wali. Umri wa kutoa nasaha sijaufikia, sina mvi hata moja. Lakini lililonipata linatosha, na hasira bado ninayo, basi nakuandikia kabla haijapoa.

Baba yako alisomea uhandisi wa magari Hungaria, enzi zile vijana wa Zanzibar walipokuwa wakipelekwa nchi za huko. Tulipohamia London, hapa Thornton Heath, akapata kazi ya kutafsiri vitabu vya ufundi wa magari kutoka Kiingereza kwenda Kihungari. Hatua ya mwisho ya kazi ile, ya kuhakiki, haifanywi na mtu mmoja. Mmoja husoma Kiingereza kwa sauti, mwenzake hufuatisha tafsiri kwa kidole, wasije wakaruka mstari wa breki mtu akafa barabarani. Mwenzake huyo alikuwa Ilona, Mhungari, mwembamba, mikono laini, hana mtoto wa kumcheulia begani.

Kila Jumamosi wako mezani kwangu, mimi jikoni na wewe mgongoni. Wanasoma, wanasimama, wanabishana Kihungari, kisha wanacheka. Kicheko kile, mwanangu! Kwangu baba yako alirudi amechoka, "chakula tayari?", basi. Kwa Ilona maneno hayamwishii. Nina cheti changu cha kidato cha nne, lakini pale nilikuwa mtu wa kuleta chai. Halafu nikasikia wanatakiwa Budapest, wote wawili, mwezi mzima, wakamalizie kitabu kiwandani. Masikio yakaniwaka moto.

Nikampigia simu shangazi yangu wa Lewisham, nikamwambia mwanamke huyu leo namtoa mlangoni na karatasi zake. Nilidhani atanibembeleza.

"Unamchungulia mumeo kutoka jikoni kama mpangaji," akasema. "Nenda ukakae nao. Kama pana jambo utaliona. Kama hapana, utalala."

Wali ulikuwa umeshashika chini. Nikazima jiko, nikaingia na wewe mgongoni, nikamwambia baba yako ainuke. Kusoma Kiingereza hakuhitaji Kihungari, leo nasoma mimi. Akacheka, akidhani utani. Mimi sikucheka. Akainuka.

Nikasoma. Ilona akafuatisha, kila mara ananisimamisha, anarudia, anaandika. Kuna mahali akatamka neno lisilo na mwisho, tengelykapcsoló, nikamuuliza ndiyo nini hilo.

"Klachi," akasema.

"Klachi tu? Mbona refu kama foleni ya posta?"

Akacheka mpaka akafuta macho, na kilikuwa kicheko kilekile nilichokuwa nikikisikia jikoni. Walikuwa wakichekea klachi, mwanangu. Lakini usidhani nilipoa. Ndipo nikaumia zaidi, maana hata hicho kidogo nilikuwa nimenyimwa.

Baba yako alikuwa amesimama mlangoni, hajui akae wapi. Nikamwambia kwa Kiswahili, mgeni asikie asisikie: "Budapest sikukatazi. Lakini ukicheka na mtu mchana kutwa, ukirudi kwangu usiniletee njaa tu."

Akasema, "Nilidhani mambo ya magari yatakuchosha, Mama Rahma."

"Uliniuliza?"

Hakuwa ameniuliza. Alikwenda Budapest, na kila jioni akapiga simu kunieleza siku yake, hata habari za boliti. Ilona sikumpenda, na mpaka leo simpendi. Wivu ninao, sikufichi.

Wewe ukishikwa na wivu, usiusikilizie ukutani. Ingia, vuta kiti, uliza mbele yao wote. Asiyekupa kiti nyumbani kwako mwenyewe, huyo mfungie virago bila kupiga kelele.

Najua ukikua utanijibu Kiingereza. Jibu utakavyo. Mola akupe nyumba ambayo hadithi ya siku unahadithiwa wewe kwanza, na akupe ulimi mkali siku utakaposahauliwa.