Mama Hakuwa Ghalani

Siku ile tulikuwa watatu: mimi, mdogo wangu Athieno, na nyanya yetu aliyekuwa akikaanga karanga. Juzi, sokoni Busia, niliiona riwaya nene niliyowasomea siku ile kati ya vitabu vya mitumba, nikasikia tena harufu ya karanga zile.

Nilikuwa nimeacha shule, lakini nilikuwa nikiwasomea vitabu. Katika riwaya, baba alimfungia mkewe ghorofani, akawaambia watoto amekufa. Mama yetu tulimzika wakati Athieno alikuwa bado ananyonya. Athieno akaacha kutafuna karanga.

"Nyanya, na wetu mlimficha wapi?"

"Ona sasa!" nyanya akanifokea. "Soma kimoyomoyo, wewe! Unamtia mtoto wazimu."

Athieno alitoka. Hatukuwa na ghorofa, ila ghala la mtama lilisimama juu ya nguzo za miti. Nilimkuta amelipanda, ameinua paa lake la nyasi, anaita, "Mama, shuka! Ni sisi tu."

Nilidhani uongo mdogo ungemtuliza. "Hayumo humo," nikasema. "Yuko Tororo. Atarudi."

Akashuka akicheka, akaenda kumngoja njiani. Alingoja hivyo miaka miwili.

Sasa ana watoto wake, na hajawahi kuniuliza. Nami bado sijamwomba msamaha.