Hamali Kona na Meza ya Baraza

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limeshasahaulika siku nyingi. Mtaa mzima ulimwita Kona, kwa sababu kila alipobeba kabati au jokofu na kukaribia pembe ya ukuta, alipaza sauti, "Kona!", hata kama nyuma yake hakuna mtu. Alikuwa hamali wa kuhamisha vyombo kwa miaka thelathini na nne. Mabega yake yalikuwa mapana, magoti yalilia kila alipochuchumaa, na hapakuwa na ngazi katika mtaa ule asiyoijua. Wengine huzikumbuka nyumba kwa majina ya wenyewe. Yeye alizikumbuka kwa mahali zilipomchubua vidole.

Aliishi na dada yake mkubwa, fundi cherehani mstaafu, aliyevunjika nyonga miaka sita nyuma, na nyonga ikagoma kuunga. Kukaa hakuweza, kusimama ndiyo kabisa. Kona akamtengenezea kitanda chembamba chenye mishikio minne, na kila asubuhi yeye na jirani yao, mwosha magari, walimtoa kibarazani. Hapo dada alitawala. Alijua nani kapata kazi, nani kanuna, na nani anapitia upande wa pili wa barabara kwa sababu hajarudisha sufuria. Ukipita bila kumsalimu, ilikuwa kesi.

Ndipo ikaja barua ya baraza la mji. Nyumba zote kuukuu zingevunjwa, na kila familia ingepewa makao katika jengo jipya la ghorofa tano, palepale mtaani. Watu walishangilia, na Kona naye alishangilia, mpaka alipoona wamepangiwa ghorofa ya nne. Akaenda kwenye ubao wa matangazo wa baraza, ambako mchoro wa jengo ulibandikwa. Mambo ya ramani hakuyajua sana, lakini vipimo vya ngazi alivisoma kama mtu anavyosoma barua ya nyumbani. Alirudi amenywea.

"Dada, kitanda chako hakikati kona pale."

Dada aliushika mshikio mmoja wa kitanda chake.

"Yaani nikishapandishwa, ndiyo nimepandishwa?"

"Labda tukusimamishe wima."

"Kama godoro?"

Wakacheka mpaka mbavu zikauma. Halafu dada akajifuta macho, na safari hii hayakuwa machozi ya kicheko. "Huko juu nitamsalimia nani, mdogo wangu? Popo?"

"Kesho kuna mkutano. Nitawapasha mpaka wajue mimi ni nani!"

"Wewe kugomba hujui, midomo inakutetemeka. Nenda kafanye kazi yako."

Kona alilala na maneno hayo, na asubuhi aliamka akitabasamu peke yake.

Ukumbi wa baraza ulijaa pomoni. Mbele, kwenye meza ndefu nyembamba ya mbao nzito, walikaa mwenyekiti, mhandisi na makarani wawili, na katikati yao jagi la maji lililojaa hadi mdomoni. Mwalimu mstaafu ndiye aliyeanza. Aliuliza kwa nini mfuko wa jamii, uliotengwa kwa mahitaji ya wakazi, utajenga chemchemi ya mapambo mbele ya jengo.

"Itapendezesha mtaa," mwenyekiti alijibu.

"Mheshimiwa, na bombani maji yatatoka?"

Ukumbi ukaangua kicheko, na mwenyekiti akagonga meza. Kona akaona hapohapo ndipo penye nafasi yake, akasimama na kofia mkononi.

"Mheshimiwa, nina swali moja dogo. Mgonjwa aliyelala kitandani atashukaje kutoka ghorofa ya nne? Mimi nimezipima zile ngazi kwenye mchoro. Pale zinapogeuka, kitanda hakigeuki."

"Basi apewe ya chini," sauti ilisikika nyuma.

"Chini ni maduka, limeshapitishwa," mwenyekiti alisema.

Mhandisi, kijana nadhifu mwenye viatu vya kung'aa, alitabasamu. "Mzee, kila kitu hupita. Ni ufundi wa kubeba tu."

Hakujua alikuwa anamwambia nani. Watu wa safu ya mbele walianza kubonyezana viwiko.

"Sawa, mwanangu. Hii meza inalingana na mlango, hata nafasi kidogo inabaki. Itoeni mpaka barabarani. Ila msiisimamishe wima, na hilo jagi libaki juu. Jagi ndiye mgonjwa."

Mwenyekiti alitaka kukataa, lakini ukumbi mzima ulikuwa umeshaanza kupiga makofi, na mhandisi alikuwa amekunja mikono ya shati. Akabeba mbele, makarani wakashika nyuma. Meza ikapita mlangoni vizuri kabisa. Nusu yake ilipofika nje, ukuta wa korido ukaipokea. Wakaisukuma kushoto, wakaivuta kulia, mhandisi akaamuru wainamishe kidogo, kidogo tu, na jagi likateleza taratibu hadi ukingoni, likamwagika lote juu ya viatu vya mwenyekiti aliyekuwa amekuja kusimamia. Mguu wa meza ukanasa nyuma ya fremu. Haikwenda mbele, haikurudi nyuma, na mlango ulikuwa ni huo mmoja.

"Kona!" watu wakaitikia kwa pamoja, na kicheko kikatikisa madirisha.

"Sasa iliingiaje humu?" mwenyekiti aliuliza, akitikisa mguu wake mmoja.

"Niliiingiza mimi, mheshimiwa, miaka ishirini iliyopita. Tulitoa dirisha zima." Midomo ilianza kumtetemeka Kona, lakini safari hii hakuijali. "Na dada yangu, nimtolee dirisha gani kule juu?"

Mhandisi alitazama meza, akatazama korido, akakuna kichwa. Alikuwa mtu mkweli, maana alisema mwenyewe mbele ya wote, "Nimekosea. Zile kona ni finyu, na msingi haujachimbwa. Bado zinaweza kupanuliwa."

"Kwa fungu gani?" mwenyekiti aliuliza.

"La chemchemi!" mwalimu mstaafu akadakia, na mikono ikanyooshwa ukumbi mzima kabla mtu yeyote hajaitisha kura. Mwenyekiti alihesabu mpaka safu ya tatu, akaacha, akatangaza imepita. Kona akachuchumaa, magoti yakalia, akauchomoa ule mguu wa meza kwa kuuzungusha mara moja.

Mwaka uliofuata, kabla kuta hazijapakwa rangi, mhandisi alimwita Kona ajaribu ngazi. Kona alikuja na mwosha magari, na kitandani alikuwa dada yake, amevaa gauni alilolishona mwenyewe zamani. Wakapanda. Katika kila kona dada alinyoosha mkono kando, na mkono haukugusa ukuta. Walipofika ghorofa ya nne, Kona alikuwa anatweta na kucheka kwa pamoja.

"Dada, umefika! Tukuoneshe chumba?"

"Chumba nitakiona siku ya kuhamia," dada alisema, akishika mishikio kwa mikono yote miwili. "Kwanza nishusheni."