Mchanga wa Papa Ngoy, Ufagio wa Mama Pétronille

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, jua bado liko ng'ambo ya ziwa. Papa Ngoy Kizito anasukuma mlango wa bati wa ua, kisha anasimama na kutega sikio. Shwaa. Shwaa. Shwaa.

“Ameanza tena,” anasema, na kuketi juu ya pusupusu lake, toroli la kubebea mchanga, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

Uani, Mama Pétronille, bibi wa miaka sabini, ameinama, mkono mmoja mgongoni, mwingine kwenye ufagio. Nyuma yake zulia la nyasi za plastiki limebaki tupu. Mbele yake vimejipanga vilima vitano vya mchanga, ule ule aliomwaga Papa Ngoy jana jioni. Hii ni asubuhi ya tatu.

Ni Juni, mwaka 1990, hapa Kalemie. Mwenye nyumba ni Basile, mtoto wa Mama Pétronille, mfanyabiashara wa ndagala, dagaa wa ziwani. Alikwenda Bujumbura akakuta tajiri mmoja anacheza tenisi nyuma ya jiko lake, juu ya nyasi zisizokatwa wala kunyweshwa. Tamaa ikamshika. Mizingo minne ya nyasi hizo, zimeviringishwa kama mikeka, ikashushwa bandarini, na mji mzima hakuna aliyejua itandikwe vipi.

Watu wakamtaja Ngoy. Akiwa kijana wa miaka kumi na sita, mji ukiitwa bado Albertville, alikuwa akimwagia maji na kushindilia kiwanja cha tenisi cha udongo mwekundu cha klabu ya Wazungu.

“Lile jiwe la kuviringisha nililivuta miaka miwili,” anasema fundi huyu, sasa ana miaka arobaini na minane. “Mgongo wangu unajua kiwanja kilichopinda kabla jicho halijaona.”

Kazi ya chini ilimchukua wiki tatu. Alichimba, akajaza kokoto za chokaa kutoka Kabimba, akashindilia, akaacha mteremko kidogo ili maji ya mvua yakimbie. Akatandika, akagundisha maungio. Ikabaki kazi moja tu: kujaza mchanga mkavu katikati ya nyuzi za nyasi. Mchanga ndio unaolikalisha zulia chini na kusimamisha majani. Bila huo, joto likipanda zulia linavimba kama andazi.

Basi amesomba mchanga mtoni Lukuga, akauosha, akauchekecha. Pusupusu sitini na mbili. Kila jioni anaumwaga na kuuacha juu, asubuhi jua liukaushe ndipo ausukumie ndani kwa reki. Kila alfajiri, kabla ya jua, mama wa watu anaufagia wote na kuutupa shimoni nyuma ya migomba.

“Mama, nakuomba na magoti. Muchanga ule usiutoe.”

“Weye Ngoy, mama yako alikulelea wapi? Muchanga uani mpaka kunakucha! Watu wakipita watasema kwa Basile mwanamuke hakuna.”

“Si uchafu, Mama. Huu njo dawa ya nyasi!”

“Nyasi gani? Nimezimwagia maji siku mbili, hata jani moja halijaota.”

Papa Ngoy anashika kichwa. “Ulimwagia maji?”

“Ndoo sita. Ulitaka zife?”

Kumbe ndiyo maana mchanga haukauki! Anageukia dirisha la Basile. Pazia linatikisika, na sauti inatoka nyuma yake: “Mimi humo siingii, Papa Ngoy. Huyu njo alinizaa.”

Ingekuwa kiwanja tu, angetupa reki na kwenda zake. Lakini leo ni Alhamisi, na Jumamosi anakuja Sista Hortense, mkuu wa shule ya wasichana. Shule imepewa zawadi ya mizingo sita ya nyasi kama hizi, imelala stoo tangu mwaka jana kwa kukosa fundi. Sista akikuta zulia limetulia, kazi ni ya Ngoy, kiangazi chote. Akikuta limevimba, ataishia mlangoni. Na tangu Pasaka Ngoy amekuwa akiziba nyufa za kuta tu. Mkewe Bertille haulizi kitu mumewe akirudi. Anamtazama viatu, akiona havina vumbi anajua kazi haikupatikana.

Anainuka kwenda shimoni kurudisha mchanga, akinung'unika. Hapo ndipo jicho lake linanasa kwenye kona ya jiko, chini ya paa, mahali umande na maji ya ndoo havikufika. Ufagio wa bibi unapita pale kwa kukwaruza, kinyume cha ulalo wa nyasi. Mchanga hautoki. Unazama. Majani yanasimama wima kama nywele za mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Reki yake isingeweza kufanya hivyo.

“Mama! Rudia pale.”

“Sasa unataka nifagie?”

“Nataka. Lakini saa sita, jua likishakausha.”

“Saa sita! Anayefagia saa sita ni yule anayelala mpaka saa tano.”

“Waambie watu aliyechelewa ni Ngoy.”

Bibi anacheka mpaka anaegemea ukuta. Anakubali, ila anataka ufagio mpya, wa njiti ngumu za mchikichi.

Ijumaa mchana migongo miwili inainama pamoja. Ngoy anamwaga, Mama Pétronille anakwaruza na kumkaripia kwamba anamwaga kama anayelisha kuku. Jioni mchanga wote umemezwa.

“Miaka ishirini nafagia ua huu,” anasema bibi, akijinyoosha kiuno. “Leo njo mara ya kwanza uchafu unaingia chini na mutu ananiambia asante.”

Jumamosi Sista Hortense anavua viatu, anatembea kona hadi kona, anabonyeza kwa kisigino. Hakuna kunjo.

“Jumatatu, saa moja,” anasema. “Uje na pusupusu.”

Papa Ngoy anatabasamu, halafu uso unamshuka. Amekumbuka: shuleni kuna wasichana mia tatu, na kila mmoja huja asubuhi na ufagio wake.

“Safari hii sitagusa jembe kabla ya kuuliza,” anasema. “Huko kwenu anafagia nani, na saa ngapi?”

Kutoka jikoni sauti ya bibi inadakia: “Unipitie Jumatatu, Ngoy. Watoto wale hawajui kufagia.”