Muosha Madirisha Anayepigania Maana ya Bibi Yake Iingie Kamusini

Saa mbili na robo asubuhi, Clifford Thackray yuko juu ya ngazi, brashi mkono mmoja, simu mkono wa pili. Madirisha kumi na moja ya nyumba hii ya shambani, Yorkshire, Uingereza, yanamngoja, na yeye wala hayaoni.

"Cliff, kipenzi, unaosha au unapunga upepo?" anamtania mwenye nyumba, Enid Oddie, kutoka chini. "Kioo cha juu bado kina mavi ya njiwa!"

"Leo wananipigia, Enid! Leo!"

Anaowasubiri ni wahariri wa kamusi ya lahaja ya huku. Clifford, 61, ameosha vioo miaka 38, sasa kwa pauni nane kila nyumba. Maana za neno la Kiingereza "window", dirisha, humtoka hata hujamuuliza: la ukutani, la kwenye bahasha, la kwenye kompyuta, hata nafasi fupi ya kufanya jambo kabla haijapita. Asili yake ndiyo inayompa wazimu. Waskandinavia wa kale waliohamia huku walisema "vindauga", jicho la upepo.

"Hebu fikiria! Mimi naosha macho ya upepo!" anasema, akicheka mpaka ngazi inatikisika.

Bibi yake, kibarua wa shamba, aliita "window" lile tundu la zizi lisilo na kioo, la kurushia nyasi kavu. Clifford alitaka maana hiyo iingie kamusini. Wahariri wakagoma: ya mdomo hawapokei, wanataka maandishi yenye mwaka.

Mwaka juzi aliyapata katika shajara ya mteja. Kwa furaha alinakili sentensi, akasahau mwaka. Aliporudi alikuta shamba limeuzwa na shajara imechomwa.

"Nililia, sikufichi."

Mwezi uliopita Enid alimtolea kopo la biskuti lenye barua za ukoo. Mojawapo, ya Februari 1843, iliandikwa na kijakazi Hannah Sugden, aliyelazwa zizini, kwa mama yake: theluji imeingia kwa "window" ya zizi, imefunika kitanda changu.

Simu inalia. Clifford anasikiliza, anavua kofia.

"Wamekubali! Na jina la Hannah litachapishwa!"

Enid, mwenye ulimi mkali kuliko wote kijijini, anafuta macho kwa aproni.

Kamusi itatoka mwakani. Kabla ya hapo Clifford anataka kuzunguka makaburi yote ya jirani, kulitafuta la Hannah.

"Maskini, aliandika kwa sababu alikuwa anasikia baridi tu," anasema. "Nataka nimpate, nimwambie yumo kamusini."