Mke Mwenzangu wa Darasa la Pili

Mjukuu wangu aliletwa Tindiga kutoka Magole akiwa na miaka minane, nguo zake kwenye gunia la salfeti na alama za mkanda miguuni. Aliyemchapa ni baba yake, mwanangu wa kumzaa mwenyewe, ambaye baada ya kufiwa na mkewe aliamini kwamba mtoto asiye na mama hunyooshwa kwa kipigo. Nilimwambia mwanangu maneno ambayo siyaandiki hapa. Afisa ustawi wa jamii kutoka Kilosa akaamua mtoto akae kwetu kwanza: akizoea atabaki, asipozoea atatafutiwa makao ya watoto Morogoro. Mimi hayo makao sikutaka hata kuyasikia.

Siku za mwanzo hakusema kitu zaidi ya shikamoo. Nikamlea nilivyolelewa, yaani kwa utani. Kwetu bibi na mjukuu wa kike ni wake wenza, mume wao ni babu, na wake wenza wakishaamkiana hawana adabu tena. Asubuhi ananiamkia, naitikia marahaba, kisha naanza: "Haya mke mwenzangu mvivu, uso huo umeunawa au umeutishia maji tu?" Babu yake anacheka mpaka anakohoa. Mtoto akaanza kuficha tabasamu kwa kiganja, baadaye akawa anamaliza chakula, kisha akawa ananifuata shambani kufukuza ndege kwenye mpunga. Ila kujibu, hajibu. Nami nilikuwa nalisubiri jibu, maana utani wa mtu mmoja ni kelele tu.

Ndipo yakaja mafunzo ya malezi. Afisa alitaka walezi wote tuhudhurie, tukawa tunakutana kwenye ghala la mpunga. Mwezeshaji alikuwa binti kutoka Mikumi, mdogo kuliko mwanangu wa mwisho, lakini shikamoo yake ilikuwa imenyooka, hilo nampa. Akasema fimbo basi. Tukakubali, wengine kwa shingo upande. Akasema maneno nayo huumiza, mtoto asiitwe mvivu wala mbaya, asifiwe kwa maneno yanayosikika.

"Na utani je?" nikauliza.

Akafikiri. "Bibi, mjukuu wako alikuwa anachapwa huku anaitwa mvivu. Atajuaje kwamba wewe unamtania?"

Swali lilikuwa la haki. Nimefundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, na kwangu zoezi likitolewa hufanywa. Kesho yake nikamwambia mtoto, "Umefagia vizuri sana, mjukuu wangu. Nimefurahi." Nikamwomba maji ya kunywa kwa kusema tafadhali. Mzee wangu akaniuliza kama naumwa.

Mtoto akanywea. Chakula akawa anakidonoa, shambani haji. Nami nikazidisha sifa, kama mpishi anayeongeza chumvi kwenye mchuzi ulioungua. Jioni moja nikamkuta mlangoni amekalia salfeti lake, nguo zote zimekunjwa ndani.

"Unakwenda wapi?"

"Magole. Baba anakuja lini kunichukua?"

"Nani kakwambia anakuja?"

"Bibi, siku hizi unanisemesha kama mgeni. Na mgeni si huwa anaondoka?"

Nilikaa palepale kwenye vumbi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nami nilikuwa nimempokonya jembe mtoto aliyekwisha kulishika. Nililia, na sioni haya kulisema. Kisha nikavuta pua nikafoka, "Rudisha nguo hizo ndani, mvivu wewe! Kuni ataniokotea nani, malaika?" Akaanza kucheka huku machozi yanamtoka, akaliburuta salfeti ndani.

Wiki iliyofuata nilikwenda ghalani na ugomvi wangu nimeupanga vizuri. Nikamweleza yule binti kila kitu mbele ya wenzangu. Hakunipa nafasi ya kugomba. Alicheka, akanipa pole, kisha akatugeukia wote: kwenu mtoto anajuaje kwamba amefanya vizuri? Mama mmoja, ambaye familia yake ilihamia na ng'ombe kutoka kanda ya ziwa, akasema kwao hawasemi neno. Baba humwonyesha mtoto ndama akamwambia, huyu wako. Mwingine akasema yeye anaogopa kijicho, kwa hiyo hamsifii mtoto mbele za watu, bali humwekea firigisi, ambayo ni haki ya baba. Ghala likachangamka, hata wale wa shingo upande wakagombea kusema. Binti alisikiliza mpaka mwisho. Kwangu akaomba jambo moja tu, nimuulize mtoto ni neno lipi linalomuuma kweli.

Nikamuuliza. "Mla bure," akasema, akainamisha kichwa. Nalo nilikuwa nimeshamtania, na halijatoka kinywani mwangu tena. Mvivu aliniruhusu niendelee nalo.

Siku ya afisa ikafika. Alikaa uani kwetu, akamwuliza mtoto kwa upole, "Sasa wewe mwenyewe unataka kukaa wapi?" Mzee wangu akaacha kutafuna muwa. Mimi nilibana midomo, maana nilijua nikisema neno nitaharibu. Mtoto akanitazama kuanzia kilemba hadi kandambili, taratibu, kama mtu anayekagua mbuzi mnadani.

"Nabaki hapa," akasema. "Nikiondoka, babu atakonda. Huyu mke mwenzangu akipika wali unakuwa uji."

Afisa akageukia pembeni acheke. Mzee wangu akapaliwa na muwa. Mimi nikasimama, nikashika kiuno, nikapayuka kwamba nimepika kwenye harusi za watu kabla baba yake hajazaliwa, sauti yenyewe inatetemeka. Nimeshatukanwa na wengi, wazazi wa wanafunzi na wakubwa wa kazi. Huyu ndiye pekee aliyenitukana nikamshukuru Mungu.