Operesheni ya Jumatatu

Mguu wangu wa kushoto ulianza kunisaliti wakati ule wa vita ambapo kila mtu Juba alilala na viatu kando ya mkeka. Kwanza ulikuwa ganzi, kisha vidole vikaanza kuburuta, na kandambili ikawa inachomoka na kubaki nyuma yangu njiani. Daktari aliyetazama picha za mgongo wangu alisema kuna diski imetoka mahali pake na inabana mshipa wa fahamu, na nisipopasuliwa mapema, mguu hautarudi. Upasuaji wa uti wa mgongo, akasema, hapa kwetu hakuna. Nichague, Kampala au Nairobi.

Nichague! Utadhani niko sokoni nachagua nyanya. Kaka yangu alipiga simu kutoka Nairobi kila jioni kuisifia hospitali moja yenye vioo, lifti, na maua pale mapokezini. Mume wangu alitaka Kampala, kwa sababu miaka yetu ya ukimbizi tuliishi Uganda, naye bado alijiona mwenyeji wa huko. Kila mmoja aliipigia debe hospitali yake, na hakuna aliyeniuliza mimi naogopa nini. Hata mimi nisingejua kujibu. Nilikuwa nakasirika tu, nafokea watoto, nafokea hadi sufuria.

Siku moja mtandao ulikuwa mbaya, nikajikongoja hadi kiti cha nje uani kwetu, mtaa wa Hai Malakal, nikapaza sauti ili kaka anisikie. "Nauliza, operesheni itakuwa Jumatatu? Operesheni! Jumatatu?"

Sasa, Juba ya miaka ile neno operesheni halikuwa la madaktari. Lilikuwa la askari: malori yanaingia mtaani, nyumba zinapekuliwa, wanaume wanachukuliwa. Nilipokata simu, jirani yangu wa nyuma ya ua wa mianzi alikuwa ameshafunga shuka lake, ndani unga, sufuria, Biblia na nguo za watoto. Mwanamke mwingine naye alikuwa anafunga la kwake, na wa tatu anaita wanawe kwa ile sauti ya chini ambayo watoto wa Juba hawaiulizi maswali.

"Wewe iko nakaa tu?" jirani akanifokea, mzigo tayari kichwani. "Operesheni inakuja, na wewe mwenyewe ndiyo nasema!"

"Ya mgongo wangu!" nikapiga kelele. "Operesheni ya mgongo wangu!"

Alinikodolea macho. Akautua mzigo, akaanza kucheka, na wenzake wakacheka, nami nikacheka mpaka mgongo ukaniadhibu. Yule wa tatu ilibidi afuatwe barabarani arudishwe na wanawe. Lakini kicheko kilipokwisha, jirani alikaa chini juu ya mzigo wake akanitazama mguu.

"Malesh, dada," akasema taratibu, akinipa pole. "Sisi yote tulisimama. Wewe hukusimama."

Ni kweli. Niliwaona wanafunga mizigo, nikajaribu kuinuka niwazuie, mguu ukakataa, nikarudi kitini. Hapo ndipo nilipoijua hofu yangu. Siku risasi zikilia kweli, watu watakimbia nami nitabaki, na watoto wangu watakataa kuniacha.

"Uliza hao daktari kitu moja," akasema. "Uliza kama utakimbia. Mambo ya maua, wacha."

Nikauliza. Daktari wa Nairobi alicheka kwa upole kwenye simu. "Mama, utakimbia, utacheza dansi, utakuwa msichana tena." Yalikuwa maneno matamu, nami nilitamani sana kuyaamini. Kisha nikampigia wa Kampala. Huyu alianza kwa kuuliza.

"Kukimbia kwenda wapi?"

"Popote. Risasi zikilia."

"Na mzigo au bila mzigo?"

Nywele zilinisimama. Nikajua huyu mtu amewahi kukimbia, au amewapasua waliokimbia.

"Na mzigo kichwani," nikasema. "Na mtoto mgongoni."

"Basi hapana, mama. Mzigo wa kichwani usahau kabisa. Ganzi nayo huenda ikabaki kidogo. Lakini bila mzigo, ukishapona vizuri, naamini utakimbia. Kukuahidi siwezi."

Nilikata simu nikalia. Tangu usichana nilijivunia shingo yangu, ndoo ya maji imejaa kichwani na mikono yangu inaning'inia bila kazi. Nilipomaliza kulia nikamwambia mume wangu, twende Kampala. Alifurahi kwamba ameshinda, nikamwacha afurahi.

Nikapasuliwa, nikajifunza kutembea nikishika kuta, nikarudi nyumbani. Jirani alinipokea njiani, akatwaa mfuko wangu na kuutia kichwani mwake. Niliingia uani kichwa kitupu kama mwanamume, na niliona aibu. Yeye hakuona aibu yoyote. Jioni ile ile aliwaita watoto wangu akawapangia namna ya kukimbia: binti mkubwa ataambatana na mdogo wake, yeye mwenyewe atabeba unga wetu pamoja na wake.

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe beba miguu yako tu, basi, khalas."

Mvua ya kwanza ya msimu ilinikuta nimekaa mlangoni, nguo za nyumba nzima ziko kambani. Matone yalianguka makubwa, yale yasiyobembeleza. Nilikuwa nimeshafika katikati ya ua, nakimbia, kabla sijakumbuka kwamba mimi ni mgonjwa. Nikatazama chini. Kandambili zote mbili zilikuwa miguuni.

"Operesheni!" jirani akapiga kelele kutoka mlangoni kwake, na ua mzima ukaangua kicheko.

Nikaanua nguo, nikasimama pale nazo kifuani, nalia na kucheka, nimelowa chapachapa, wala sikuwa na haraka ya kuingia ndani.