Ndoo ya Selpher

Mwanatatu alizaliwa Bofu, huko pwani, na mama yake pia. Chuoni aliandika insha iliyosifiwa kuhusu wanafunzi wenye tamaduni tofauti: mwalimu awe mvumilivu, asicheke lafudhi ya mtoto. Aliyaamini maneno hayo. Alipopelekwa Magongo kwa mazoezi ya kufundisha, akapewa Gredi ya Nne, aliona yuko tayari.

Wiki ya pili mkufunzi wake, Mwalimu Tsuma, alikuja kumkagua, akaketi nyuma na kalamu yake. Somo lilikuwa vivumishi. Mwanatatu alianza kwa Kiswahili sanifu kabisa, lakini moyo ulikuwa ukimdunda, na ulimi ukateleza ukarudi nyumbani.

"Selpher, ndoo hapa mbele."

Selpher, aliyekuwa amehamia kutoka Kisumu muhula uliopita, alisita kidogo. Kisha akaenda nyuma ya mlango, akachukua ndoo ya kupigia deki, akaileta akaiweka miguuni pa mwalimu. Darasa likaangua kicheko.

Mwanatatu alihisi masikio yakiwaka. Alitaka kukaripia, ila uso wa mtoto haukuwa na utundu hata chembe.

"Nimekuita wewe, mwanangu. Ndoo, yaani njoo. Kwetu twasema hivyo."

"Kwetu ni ndzo," akadakia Fondo, ambaye nyumbani kwao huongea Kigiriama.

"Na kwenu, Selpher?"

"Bi," alijibu Selpher kwa sauti ndogo.

Mwanatatu akayaandika yote matatu ubaoni chini ya *njoo*. Watoto wakaanza kuitana kwa zamu, wakipishana na kugongana, hadi kengele ikalia. Vivumishi havikuguswa tena.

"Andalio lako la somo hukulimaliza, na alama nitazikata," Mwalimu Tsuma alimwambia nje. "Lakini nikuulize. Katika insha yako, wale wanafunzi walikuwa tofauti na nani?"

Mwanatatu alifikiri. "Na mimi, mwalimu," akasema, kisha akacheka mwenyewe. Miaka ishirini na miwili, hakuwahi kujihesabu miongoni mwa wenye lafudhi.

Jumatatu alimkuta mamake Selpher langoni. "Oyawore," akamwamkia, neno alilofundishwa na Selpher. Mama yule akafurahi, akamwaga Kijaluo kirefu kama mkeka. Mwanatatu hakuambulia kitu. Alitabasamu, akaitikia kwa kichwa, na baadaye Selpher akamweleza kwamba mwalimu amekubali kwenda kwao Jumamosi kula samaki.